Bahasha Zisizozibwa

Mimi ni mtu wa kushuku kila kitu, na wiki iliyopita tabia hiyo ilinivua nguo hapa Mpanda. Duka letu la pembejeo lilinituma posta na matangazo ya mbegu za mpunga kwa wakulima wa Majimoto. Kila tangazo lilikuwa na kuponi ya punguzo.

"Matangazo ya kuchapwa nauli yake ni nafuu kuliko ya barua," mama wa dirishani akaniambia. "Ila usizibe bahasha. Lazima tukague kama hamna barua ndani."

Nisizibe? Nikajua tu, huyu anazitaka kuponi zetu. Nikarudi ofisini, nikamwandikia kila mteja kikaratasi kwa mkono wangu, nikakikunjia katikati ya tangazo.

Kesho yake nikasimama dirishani, macho kwenye vidole vyake. Akachomoa tangazo la kwanza, kikaratasi kikadondoka. Akakisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia:

"Ndugu mteja, kama kuponi haimo, mwizi ni yule mama wa posta mwenye miwani."

Akaishusha miwani, akanitazama.

"Kaka, hii ni barua. Bahasha ngapi nyingine zina barua kama hii?"

"Zote, mama."