Nyuki Zilizotoka Masisi kwa Mugongo

Ile minyoo ya mahindi ilipofika kwetu Katoyi, ilikula na sauti. Ungesema basoda bote ba kambi ya Katindo bako mezani nyuma ya nyumba yangu. Batu ba kilimo balituambia ni ya kigeni, ilitoka Amerika. Ilivuka bahari bila paspoti, ikanitafuta mpaka katikati ya mawe ya volkano. Moja ilikuwa nene, nikaipisha njia.

Jirani yangu ni muzee aliyekimbia vita Masisi. Benzake balikimbia na godoro. Yeye aliziba muzinga wake wa nyuki na majani, akaubeba mugongoni siku tatu, akautundika kwenye muti ya avoka hapa.

"Shamba ilibaki, ngombe zilibaki," alikuwa anasema. "Nyumbani kwangu ni hizi."

Siku minyoo ilizidi, aliniona nashika pompi ya dawa.

"Papa, weka majivu ndani ya moyo wa hindi, pale majani mapya yanatokea, moja moja. Minyoo inakaa mule."

"Muzee, majivu ni ya kusugua sufuria. Hii yangu inaangusha tembo."

"Basi ngoja jioni. Saa hii nyuki ziko kwenye maua ya mahindi yaliyotangulia."

"Zikiniona zitakimbia zenyewe."

Nikapiga dawa saa sita, jua kali, niko naimba. Ilikuwa ile dawa ya kunguni, tena niliikoroga mara mbili ya kipimo ju iue haraka.

Kesho yake nyuki zilijaa chini ya avoka kama kahawa iliyoanikwa. Zingine zilikuwa zinazunguka, zinashindwa kuruka. Muzee alipiga magoti, anaziokota moja moja, anaziweka ndani ya kofia yake. Mimi, mutu wa maneno mingi hivi, nilipata tatu tu.

"Muzee, ni mimi."

"Najua. Nilikuona."

Na minyoo? Nilifungua hindi, nikaikuta ndani kabisa, inakula, haikujua hata kama nilipita. Maboga ya majirani yalitoa maua musimu ule, yakanyauka bila kuzaa, ju nyuki za kuyapitia hazikuwepo.

Siku ya tatu kisha ile dawa, muzee akaingia kwangu na kopo ya majivu.

"Shika. Wageni wako hawajaenda."

Tukaweka pamoja, moyo kwa moyo, mpaka mustari wa mwisho.

Muzinga ungali juu pale. Kila asubuhi muzee anauwekea sikio, asikie kama kuna nyuki zimebaki ndani. Na mimi, upande huu wa mawe yanayotenga mashamba yetu, nasimamisha jembe, ju asikie vizuri.