Bafa Isiyotikisika ya Fundi Matone

Fundi wa maabara yetu tulimwita Matone, kwa sababu hakuna alichokimimina; kila kitu alikidondosha. Hata maziwa ya chai aliyatia kwa pipeti, ule mrija wa kudondoshea. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza bafa, yaani myeyusho ambao ukiutia asidi au besi kidogo, pH yake haiyumbi ovyo. Lakini bafa mbili zilikuwa zimemharibikia mfululizo, na meneja, mama mpole asiyerudia neno, alikuwa amemwambia kwamba ya tatu ikiharibika, maabara itanunua za dukani na yeye atahamia stoo.

Asubuhi hiyo alipima chumvi zake za fosfeti mara tatu, akaziyeyusha, akatumbukiza kijiti cha kipima pH. Kikasoma saba kamili, kama ilivyotakiwa. Hakuamini macho yake. Akachota kidogo, akakitia kwenye bika, gilasi ya maabara, akahamishia kijiti humo, akadondosha asidi. Saba. Akaongeza matone kumi. Saba. Akatia kijiko kizima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Saba ile ile.

Akamwita dada wa darubini aje ashuhudie. Dada akauliza kama mashine haijalala. Matone akamwambia aache kijicho, akachomekea shati, akaenda kumwita meneja.

Meneja alitazama nusu kikombe cha asidi kikiingia, na saba imetulia kama mkwe ugenini. Akaanza kutafuta kalamu atie sahihi fomu ya kuipitisha bafa.

Matone akakiinua kijiti akisuuze, akaganda. Nchani kulikuwa na kofia ndogo ya mpira, na ndani yake maji ya kukihifadhia, yenye pH saba. Muda wote kijiti kilikuwa kikipima maji ya kofia. Hakuna mwingine aliyeiona.

"Mama, usitie sahihi. Sijamvua kofia."

"Nani?"

"Huyu hapa."

Alipoivua na kukirudisha kijiti kwenye bika, namba ilishuka hadi mbili, mbio kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Dada wa darubini alitoka nje kucheka. Meneja hakucheka. Alisema fundi anayejishtaki mwenyewe hauzwi dukani, ila kofia ataishika yeye.

Kijiti kikaoshwa, kikaingizwa kwenye chupa kubwa yenye bafa iliyobaki: sita nukta sita. Meneja akasimama pale, kofia kiganjani, Matone akidondosha besi robo saa nzima mpaka saba. Kisha Matone akanyoosha mkono, kwa adabu, kuomba kofia. Meneja akampa, pamoja na orodha ya bafa za mwezi ujao.