Zoezi la Mguu Mmoja

Juzi, kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo huko Hurlingham, nilimwona mzee amesimama kwa mguu mmoja, akitetemeka. Nikajikuta nimerudi jikoni kwetu Kinoo, kwenye harufu ya maharagwe na mafuta ya kuchua, ambapo Cucu, nyanya yangu, aliinua mguu, akayumba, akashika sinki, akainua tena. Mimi, nikiwa mtoto, watu wa kuyumba niliowajua walikuwa walevi tu. Nikakimbilia sebuleni, kwa akina mama wa kanisa waliokuja kwa maombi.

"Cucu amekunywa pombe."

Vikombe vya chai vikawekwa mezani. Cucu alinifuata, akaeleza kuwa ni mazoezi aliyopewa na daktari. Wakasema, "Ni sawa, Mama," kisha wakamwombea aache pombe.

Tangu hapo aliyafanyia chumbani, mlango ameufunga kwa komeo. Siku alipoanguka, ilibidi tuuvunje.