Fungu la Mwisho

Kila Januari wenzangu huulizana mwaka wanaufungua na kitabu gani. Mimi hutaja chochote kilicho mezani, lakini moyoni namkumbuka mama yangu, ambaye miaka ile alikitakia kitabu jambo moja tu: kiwe na mwisho.

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na alisoma kama alivyolima, bila haraka na bila kuruka sehemu. Kidole chini ya mstari, midomo inacheza. Shida yake haikuwa kusoma. Vitabu vilivyomfikia vilikuwa vimepita mikono mingi, na kitabu kikizeeka huanza kufia mkiani: jalada hutoka, kisha kurasa za mwisho zinaondoka mojamoja kwenda kufungia karanga. Hadithi zote alizowahi kusoma zilimtupa njiani.

"Nimewaacha watu wengi porini," alikuwa akisema, "na wengine wajawazito."

Ilikuwa miaka ya soko huria. Sumbawanga ilikuwa imejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, lakini duka la vitabu la serikali lilikuwa limefungwa, na mlango uleule ukafunguliwa tena kuuza redio na sahani za plastiki. Simlaumu aliyelichukua, maana hata sisi redio tuliitaka. Ila wasomaji wa mtaa wetu wa Mazwi ilibidi tujipange. Mtu akipata kitabu, alikipeleka kwa mwalimu mstaafu aliyekaa jirani yetu. Mwalimu alikikata kwa wembe mafungu manne, akashona kila fungu kwa shazia na uzi wa gunia, na mafungu yakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hivyo kitabu kimoja kilisomwa na watu wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja akimfukuzia mwenzake. Sheria ilikuwa moja, hakuna kusimulia mwisho. Aliyesimulia alilipa kuku, na nesi wetu, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alikuwa ameshalipa wawili.

Siku ya Mwaka Mpya, baada ya misa, tulikutana kwa mwalimu. Nje mvua na baridi, ndani togwa ya ulezi, na kila mtu anataja anachosoma. Mwaka huo ninaoukumbuka, mwalimu alikuwa anasoma kamusi tangu mwanzo na alikuwa amefika herufi ya M. Dada aliyeuza mitumba sokoni alikuwa na gazeti la ushonaji alilolikuta ndani ya robota, la lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na akaapa kwamba analielewa. Nesi alitaja kitabu cha sala, tukamcheka mpaka akaungama kwamba ndani yake alificha hadithi ya majambazi. Mfugaji mmoja, Msukuma aliyehamia upande wa Ilemba, kule bondeni, na kupandisha ng'ombe wake mnadani, hakuwa na kipya. Tulichokuwa tunasoma wengi ni kitabu chake, alichokinunua Mbeya kikiwa kizima, na jalada lake.

Zamu ya mama ilipofika akasema, "Mimi bado niko na yule mwanamke wa mgodini. Nimebakiza fungu la mwisho."

Mwalimu akainuka, akamkabidhi kwa mikono miwili. Wale wanne waliotaja kabla yake walikuwa wameshalisoma. Tuliobaki tulikuwa mama, na mimi nyuma yake.

Kitabu hicho cha mfugaji kilimhusu mwanamke aliyemfuata mumewe migodini, ng'ambo ya mpaka. Mama hakusema kwa nini kilimshika, wala hakuna aliyemuuliza. Baba yangu alivuka mpaka huo nikiwa bado nanyonya. Barua zake zilikuja, zikapungua, zikakoma. Mtaa mzima ulijua.

Hakulifungua fungu lile haraka. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akawa anatembea nalo kwenye fundo la kanga. Nilipomhimiza alinijibu kwamba mtu aliyesubiri miaka yote hiyo hali kwa pupa.

Ikafika siku ya ujima shambani kwetu. Huku Ufipa majani hatuyachomi. Tunayafyeka, tunayakusanya chungu chungu, halafu tunayafukia kwa udongo uliopinduliwa mpaka shamba linajaa matuta ya duara, na majani yanaoza humo yakawa mbolea. Mama aliita watu, akapika pombe. Katikati ya kazi mvua ikaanza kunyunya, naye akiwa anakwenda kuwagawia watu pombe akaogopa fungu lake lisilowe. Akalisukuma chini ya chungu ya majani makavu. Aliporudi, watu walikuwa wamelima kwa moyo. Upande ule wote ulikuwa matuta, na tuta ni tuta, halina uso.

Mwalimu, ambaye alikuwa mmoja wa waliolima, alipoelewa kilichotokea alishika jembe ili abomoe. Mama akalidaka mpini.

"Acha, mwalimu. Hii ni kazi ya watu, wametoa jasho. Sibomoi kazi ya watu kwa sababu ya karatasi."

Kisha akakaa chini palepale kwenye matope, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa ajili ya baba.

"Na huyu naye nimemwacha porini," akasema.

Nesi akapiga magoti kando yake. "Mama, tutakusimulia. Kuku nitalipa mimi."

"Sitaki kusimuliwa. Nimesimuliwa maisha yangu yote. Nilitaka nifike mwenyewe."

Wiki zilizofuata, taa ya mwalimu iliwaka sana, na nikipita nje nilisikia ubishi. Mfugaji alipopanda mnadani alilala kwa mwalimu. Kwaresima ilipoanza, wakaja nyumbani wote wanne, na mwalimu akatoa fungu lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono, mikono minne. Ya mwalimu ilinyooka kama ubaoni, ya nesi ilikimbia, ya dada wa mitumba ilikuwa kubwa, na ya mfugaji ilikandamizwa hadi ikatokeza upande wa pili.

"Tumeandika tunavyokumbuka," mwalimu akasema. "Usome mwenyewe."

Akasoma, siku baada ya siku, akimaliza ukurasa ananipa. Mwanamke yule alifika mgodini akaambiwa mumewe amezikwa zamani. Alilia hadi akachoka. Kisha akapanda lori la chumvi, akarudi kwao, akakuta majirani wamemlimia shamba. Kidole cha mama kilipofika neno la mwisho kilikaa pale kidogo.

"Amefika," akasema, akaenda kuchochea moto.

Mwaka Mpya uliofuata, alipoulizwa anasoma nini, mama alisimama akausoma mwisho ule kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mfugaji aliangalia miguu yake muda wote. Nesi alifuta macho. Nikadhani ni furaha tu.

Miaka ikapita. Siku moja, Mbeya, nikakikuta kitabu kilekile kwenye meza ya vitabu vikuukuu, kizima. Nikafungua nyuma. Mume hakuwa amekufa. Alikuwa na mke mwingine na watoto, na alimfukuza mlangoni. Yule mwanamke alibaki hukohuko akifua nguo za wachimbaji, na kwao hakurudi tena. Watu wanne ambao hata bei ya nyanya hawakuwahi kukubaliana, walikuwa wamekaa kwa siri wakakubaliana juu ya mama yangu. Nililia pale pale, muuzaji akadhani nimeshtushwa na bei.

Nilikinunua, nikakificha chini kabisa ya mfuko wa safari. Mama, akitafuta sukari niliyomletea, akakitoa. Akafungua nyuma moja kwa moja, akasoma mistari michache na kidole chake, akakifunga.

"Huu naujua," akasema.

Akanieleza taratibu, huku akimimina chai. Mvua za kwanza za mwaka uleule wa ujima, alipokuwa anayasambaza matuta ili apande ulezi, jembe lilitoa mfuko wa nailoni. Pembe za karatasi zilikuwa zimeliwa, katikati zilisomeka. Alikaa juu ya mpini akasoma zote.

"Kwa hiyo Mwaka Mpya, ulipowasomea..."

"Nilikuwa nimeshaujua."

"Na hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Nilikuwa sina mwisho hata mmoja, nikapewa miwili." Akanisogezea kitabu changu. "Huo wako aliuandika mtu asiyenijua."