Mwalimu Aliyeomba Kusoma

Juzi, katika ofisi ya elimu mjini Shinyanga, nilimsikia mwalimu mmoja msichana kutoka Didia akiomba ruhusa ya kwenda chuo cha ualimu. Alikuwa akifundisha kwa elimu yake ya darasa la saba na semina fupi.

“Ukiondoka, mwanangu, darasa la tano atalifundisha nani?” ofisa akamuuliza.

Msichana akakunja mikono kifuani. “Nikibaki, mzee, nitawafundisha nini? Hesabu za sehemu zinanishinda mimi mwenyewe. Wenzangu wamekimbilia almasi Maganzo. Mimi naomba chuo tu.”

Ofisa akavua miwani, akaifuta taratibu. “Haya, nenda. Lakini urudi Didia.”

“Nitarudi, mzee, mkinipa nyumba isiyovuja.”

Ruhusa alipewa papo hapo. Kuhusu nyumba, ofisa aliniambia bado wanaijadili.