Jirani Aliyesimama Barazani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipandisha mlima wa Menengai kwa gari. Niliposhuka nilichuma jani la leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu, nikalisugua viganjani, na harufu ile ikanirudisha utotoni kabla sijafika ukingoni. Wewe uliyekulia Nakuru unaijua: kali kidogo, kama dawa ya kifua.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Jumapili zetu zilikuwa za mlima. Bibi alikuwa mtu wa Pwani, mjane wa mfanyabiashara wa nguo. Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu, mke wa fundi wa reli kutoka upande wa Kisumu. Bibi alifunga mahamri kwenye kitambaa, jirani akabeba viazi vitamu vya kuchemsha, nasi wasichana tukabeba chupa za chai zilizovishwa soksi zisipoe. Tulipanda polepole msituni hadi pale ardhi inapokatika ghafla na shimo la volkeno kufunguka chini yako, mvuke ukifuka hapa na pale. Jirani alizoea kusema, "Huku hakuna wa kuniuliza natoka wapi."

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, ikiwasaka wapiganaji wa uhuru misituni. Njiani tukaanza kukutana na askari wasioitikia salamu. Jumapili moja ndege walikuwa kimya, na miti yote mbele yetu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu shinani. Bibi aligusa mmoja, rangi ikambakia kidoleni.

"Ya nini hii, Bibi?"

"Teremkeni," alisema. "Msikimbie. Tembeeni tu."

Siku chache baadaye liliitwa baraza. Afisa mmoja alitangaza kwamba mteremko wote utafyekwa, kwa kuwa msitu unaficha watu wabaya. Mbao zingekwenda kiwandani. Akauliza kama kuna swali, kama mtu asiyetarajia lolote. Jirani akasimama.

"Bwana, msitu ule si wa mtu mmoja. Kuni zetu zinatoka kule. Mkifyeka wote, watoto hawa watatembea wapi?"

Karani alitafsiri kwa sauti ya chini. Afisa akamgeukia jirani.

"Mume wako anafanya kazi wapi?"

Bibi alimvuta kanga akae. Hakukaa.

"Reli, Bwana. Lakini anayeuliza ni mimi."

Tangu siku hiyo gari jeusi lilikuwa likija kusimama mbele ya nyumba za reli, na hakuna aliyeshuka. Akina mama waliacha kuanika nguo upande ule. Haukupita muda mrefu, fundi akahamishiwa stesheni ya mbali, nao wakaondoka kwa treni ya asubuhi. Bibi alikwenda kuwaaga.

Mashoka tuliyasikia kutoka uani kwetu. Walifyeka chini kote, ila miti ya karibu na ukingo wakaiacha. Wengine walisema ni kwa sababu ya mwinuko. Bibi alishikilia hadi kufa kwake kwamba ni kwa sababu ya swali lile. Sisi hatukupanda tena. Waya ulikuwa umezungushwa.

Bibi hayupo, nyumba zile zimebomolewa, na habari za jirani hatukuzipata tena. Lakini siku ile ya mwezi uliopita, chini ya ile miti iliyobaki vijana walikuwa wakipiga picha, wakicheka. Nilikuwa nawatazama niliposikia, mahali fulani ng'ambo ya shimo, msumeno wa mashine ukinguruma. Mjukuu wangu alikuwa ameshawasha gari. Nilimwambia alizime, tukasimama pale hadi naye akausikia.