Kikapu Kilichopika Bila Moto

Asubuhi ya kwanza msusi alipobaki peke yake katika nyumba ya mumewe, alisikia kitu kikichemka jikoni. Aligusa jiko la gesi. Lilikuwa limezimwa na limeshapoa. Sauti ilitoka kwenye kona, ndani ya kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa mto mnene wa kitambaa. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayesema huku kafunikwa mdomo. Msusi alichukua mkoba wake akaenda saluni bila hata kunywa chai.

Jioni alimuuliza binti wa mumewe, msichana wa sekondari.

"Si maharage, mama mdogo!" Binti alicheka. "Nimeyaweka mimi asubuhi. Mama anayachemsha kidogo tu, halafu sufuria anaiingiza humo na kuifunika. Yanajiivia yenyewe. Gesi hailiwi."

Anayachemsha. Anaiingiza. Mama mwenyewe alikuwa marehemu, na msusi ndiye aliyeolewa mahali pake, lakini binti alimtaja kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani.

Ndivyo nyumba nzima ilivyokuwa. Mumewe alikuwa fundi bomba, na kila alichofunga pale alikifunga kwa maelekezo ya marehemu. Maji ya kuoga yalipita kwenye bomba chini ya sakafu ya chumba cha kulala, yakaenda kunywesha mboga nyuma ya nyumba. Mtu akioga, sakafu ilinong'ona. Juu ya korido kulikuwa na bati linalopitisha mwanga ili taa isiwashwe mchana, na mwanga ule ulishuka ukasimama katikati ya korido wima kabisa, hata msusi akazoea kuupisha. Nguo zilipigwa pasi mara moja kwa wiki, zote kwa mpigo. Pazia za upande wa jua zilifungwa kabla nyumba haijapata joto. Akisahau, alikuta binti kashafunga.

"Mama hapendi feni izunguke bure," binti alikuwa akisema, bila ubaya wowote.

Angelalamika kwa nani? Matumizi yalikuwa madogo mno. Wateja walipomuuliza maisha ya ndoa, aliwaambia kwa utani kwamba umeme wa nyumba yake yote haufikii unaoliwa na kikaushia nywele kimoja cha saluni. Walicheka, naye akacheka nao. Hakuwaambia kwamba akiwasha swichi mkono wake husita, kama mtoto anayechungulia iwapo mkubwa yupo.

Jumamosi moja uvumilivu ulimwisha. Mumewe alikuwa kazini, binti kwenye masomo ya ziada. Alikibeba kikapu na mto wake akavitupa nje, karibu na mlango wa uani.

"Leo napika kwa moto ninaouona," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Akabandika sufuria, akawasha gesi mpaka mwisho. Maharage yalichemka, maji yakakauka, akaongeza, yakakauka tena. Mteja alipompigia simu kumhimiza, alizima jiko akakimbilia saluni, na huko mvua ikamkuta. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Aliporudi, maharage yalikuwa magumu kama changarawe, na mto uani umelowa maji hata haunyanyuki.

Hapo hasira zilimtoka zote, ikabaki aibu. Alijua mto ukioza, binti hatamwambia neno, atamtazama tu. Basi alikaa kizingitini na wembe wake wa kukatia nyuzi za nywele, akaanza kufumua mshono ili atoe vilivyomo avianike. Vilitoka vipande vya godoro la sponji, sweta kuukuu zilizochanwa, soksi zisizo na jozi. Katikati kabisa palikuwa na taulo limekunjwa vizuri. Alilikunjua.

Zilikuwa nguo za mtoto mchanga. Kofia, soksi ndogo kama vidole, sweta ya njano iliyofumwa kwa mkono. Hazikuchanwa. Hazikuwa zimevaliwa hata mara moja.

Binti alimkuta hapo. Aliweka mkoba chini polepole.

"Za nani hizo, mama mdogo? Zangu ziko sandukuni, nazijua zote."

Msusi aliiweka sweta juu ya taulo. Fundi bomba alipoingia na mfuko wake wa spana, aliwaona wote wawili kizingitini, kisha akaiona sweta. Alikaa chini sakafuni, palepale jikoni, na buti zake zenye tope.

"Alizaliwa kimya, hakupumua," alisema. Akamgeukia binti. "Mdogo wako. Wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Nilipouliza nguo ziko wapi, mama yako akaniambia kazigawa."

Aliushika mto uliofumuliwa, akautazama ndani. "Kumbe zilikuwa hapa. Tunakula kila siku, na zenyewe zinatupikia."

Hakuna aliyemwambia asilie. Alipotulia, alisema afadhali zikazikwe.

"Marehemu ndiye aliyechagua pa kuziweka," msusi alisema. Alishangaa kujisikia akimtetea. "Zimekaa kwenye joto miaka yote hii, baba. Ukizitoa utazipeleka wapi, kwenye baridi?"

Fundi bomba alimtazama mke wake, kisha akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa: zisiende.

Walizianika ndani, kwenye kamba, na kwa siku chache walipita jikoni wakiinama. Zilipokauka, binti alizikunja, na msusi akashona. Akaongeza na sponji mpya, mto ukawa mnene kuliko zamani.

Hofu ya marehemu haikumwisha. Lakini hakukitoa tena kikapu nje, na mkono wake ukaacha kusita kwenye swichi: alizima mwenyewe, kwa kutaka mwenyewe.

Gesi ilipopanda bei, aliwasimulia wateja wake kikapu kile, nao wakaanza kuulizia vyao, akawa anashona mito saluni kichwa kimoja kikisubiri kukauka. Alijazia mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Siku moja jirani wa nyuma, mwanamke asiye na mazungumzo mengi, alikuja na mfuko wa kitambaa umefungwa kamba.

"Vya kujazia nimekuja navyo," alisema. "Naomba usifungue."

Msusi alimpokea mfuko kwa mikono miwili. Aliuweka katikati ya mto, akaupangia sponji pande zote, akashona mdomo kwa uzi maradufu, na hakuuliza.